Insha Mbili za Chiriku

Nafundisha insha. Ukiniuliza hasa kazi yangu ni nini, nitakwambia ni kuchinja jogoo. Nyuma ya duka la kutoa nakala nimepanga chumba chenye madawati ya kuazima na ubao uliopasuka pembeni, na kila jioni watoto wa shule ya jirani huja hapo, kila mmoja na jogoo wake. "Ilikuwa alfajiri na mapema, jogoo wa kwanza alipowika, nami nikaamka buheri wa afya huku nimejawa na furaha ghaya ya furaha." Mwalimu wao wa shuleni, ambaye wenyewe wanamwita Mwalimu Alfajiri, amewakaririsha mwanzo huo tangu hawajajua kufunga kamba za viatu. Swali likiwa la faida za kupanda miti, jogoo anawika. Likiwa la ajali za barabarani, jogoo anawika. Mmoja aliwahi kuulizwa hasara za kufuga kuku mjini. Huyo angalau jogoo wake alikuwa na kazi.

Hata hivyo jogoo si kosa kubwa kuliko yote. Kosa kubwa ni kutosoma swali. Mtoto huona neno "safari" na mkono unatimua mbio, hajaona kwamba ameulizwa safari iliyoshindikana. Nawaambia wasome mara mbili, wapigie mstari kinachotakiwa, kisha waweke kalamu chini na kujiuliza: huyu anayeniuliza anataka nini kwangu? Wengine hushindilia methali mpaka insha inakosa pumzi. Wengine hutia njaa, mafuriko na harusi ya shangazi katika aya moja, na ukiwaambia kila jambo lipewe aya yake wanakuona una roho mbaya. Karibu wote hawasomi walichoandika. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nikipewa daftari nakata aya yote ya kwanza kwa kalamu nyekundu, namwambia mwenyewe asome kwa sauti kuanzia ya pili, na mara nyingi insha inaanzia hapo. Wapo wanaolia.

Mtoto wa dada yangu hakulia. Tunamwita Chiriku, jina la ndege mpiga kelele, kwa sababu haongei. Ni utani wa babu yake, naye aliukubali kimya kimya kama anavyokubali kila kitu. Siku ya kwanza nilipomkatia aya ya kwanza aliitazama, akaniomba kalamu, akakata na ya pili. "Hii nayo haina kazi, Mjomba," akasema. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baada ya hapo nilijua kwamba sina la kumfundisha huyu zaidi ya kumwondolea watu njiani. Sikumwambia. Sisi mtoto hatumsifii usoni.

Sasa Chiriku alikuwa amemaliza mtihani wa mwisho. Chuo cha wauguzi kilikuwa kimemwahidi nafasi, kwa sharti kwamba matokeo yake yafike kabla uandikishaji haujafungwa. Dada yangu ni fundi cherehani, naye hakusubiri. Alishakata kitambaa cheupe cha sare. Nikamwambia, "Dada, mbeleko hainunuliwi kabla mtoto hajazaliwa." Akanijibu, pini mdomoni, kwamba mtoto alishazaliwa zamani na ana miguu mirefu, sketi yake inakula kitambaa.

Matokeo yalipotoka, darasa zima lilipata alama zake. Mbele ya namba ya Chiriku paliandikwa neno moja tu: yamezuiliwa.

Dada yangu hakuweza kwenda, ikabidi niende shuleni mimi. Mkuu wa shule alifunga mlango kabla hata ya kunisalimu, nami nikaona hiyo si dalili njema.

"Ni insha," akasema. "Za wenzake zote ni za namna moja. Unajua mwalimu wetu anavyowanoa. Msahihishaji anasoma, jogoo, jogoo, jogoo, halafu anafika kwa huyu. Hakuna jogoo. Hakuna hata methali moja. Wamesema hii haikuandikwa na mtoto wa shule hii. Wanadhani iliandikwa na mtu mzima, ikaingizwa kutoka nje."

"Kwa hiyo darasa zima linalofanana halikunakili, ila mmoja asiyefanana na mtu ndiye mwizi?"

"Mwalimu, mimi sibishani na ofisi ya mitihani." Alipunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Wanamwita. Ataandika insha nyingine mbele ya jopo. Wakiridhika kwamba si yeye aliyeandika ile, wanafuta matokeo yote, na haruhusiwi kurudia. Nimeshaona wakifanya hivyo. Mwambie aandike kama wenzake, mambo yaishe."

Nilitoka pale na hasira, na hasira yangu ina tabia mbaya ya kujifanya akili. Njiani nikapanga hoja. Kosa lake ni kutofanana na wenzake, basi dawa yake ni kufanana nao. Wahenga walishasema, ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Hoja niliiona safi kabisa, wala sikuigeuza kuangalia upande wa pili.

Mchana ule niliwarudisha wanafunzi wengine makwao. Chiriku alikaa dawati la mbele, akapanga kalamu zake. Ng'ambo ya ukuta mashine ya nakala ilikuwa inatoa karatasi moja baada ya nyingine.

"Tunaanza na jogoo," nikamwambia.

Alinitazama kama mtu anayesubiri kicheko kifuate. Hakikufuata.

"Baada ya jogoo, hali ya hewa. Upepo mwanana, mawingu, umande. Halafu methali, tatu au nne, usijali zinahusu nini. Usiseme uliogopa, sema ulitetemeka kama unyasi. Mwisho washukuru walimu na walezi."

Yaani kila nilichomtoa nikamrudishia, kimoja kimoja, kwa mkono wangu.

"Mjomba," akasema, "lakini ile ya kwanza..."

"Ile ya kwanza ndiyo iliyotuponza."

"Nataka kusema kwamba wakiiweka..."

"Chiriku! Miaka yote umenyamaza, leo ndiyo umeamua kuongea?"

Akafunga mdomo. Ni mtoto aliyelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamjibu mjomba wake mara ya tatu. Aliinama akaandika. Mama yake alipita baadaye, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama mlangoni na kuuliza, "Ataweza?" Nikamwambia ataweza. Nilichukua karatasi nikaisoma. Alikuwa amejifunza ubaya kwa wepesi uleule aliojifunzia uzuri. Hapakuwa na kosa hata moja lililokosekana. Aya zilijaa, methali zilisongamana, na mahali popote pale hapakuwa na mtu. Moyo ulinisuta, nikaunyamazisha.

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Usibadilishe kitu."

Ofisi ya mitihani, tulikofika kesho yake, ina korido ndefu isiyo na dirisha. Taa ya mrija ilikuwa inazimika na kuwaka, inazimika na kuwaka, na hakuna aliyeonekana kusumbuliwa nayo. Mafaili yamepangwa ukutani hadi karibu na dari, yamefungwa kwa kamba, na mahali pote pananuka gundi na vumbi. Mlango wa chumba cha jopo haukuwa na kitasa upande wetu. Pembeni yake alikaa karani, mtu wa makamo, akimenya chungwa juu ya gazeti kwa utulivu mkubwa.

Kabla yetu aliingia kijana mmoja, mrefu, ndevu zimeanza kumwota. Alipotoka, baba yake aliyekuwa akimsubiri ndiye aliyebeba begi la shule. Alimshika mwanawe kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa anayetoka kitandani kwa mara ya kwanza. Niliwasalimu. Baba aligeuza kichwa kuelekea kwangu, lakini sidhani kama aliniona.

Karani akasoma namba ya Chiriku. Chiriku akasimama, akalainisha sketi yake.

"Kumbuka," nikamwambia.

"Nakumbuka, Mjomba."

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, ukafungwa bila sauti.

Nilijaribu kukaa, nikashindwa, nikasimama, nikakaa tena. Mtu akiwa na wasiwasi hutafuta wa kuzungumza naye, nami nikamgeukia karani nikamuuliza hao wa ndani wakoje.

"Wapole," akasema. "Sijawahi kusikia mtu akifokewa humo."

Niliona ni habari njema. Kisha nikamkumbuka yule baba aliyebeba begi.

"Wanasahihisha hapo hapo?"

"Kusahihisha? Hapana, mwalimu, alama za nini tena? Hawajali imekuwa nzuri au mbaya." Akaweka ganda la chungwa pembeni. "Wanaiweka ya leo kando ya ile ya mtihani. Zikionekana za mtu mmoja, mtoto anaondoka na matokeo yake. Zikionekana za watu wawili, wanafuta. Haichukui muda."



Hawakuwa wanauliza kama Chiriku anafanana na wenzake. Walikuwa wanauliza kama anafanana na yeye mwenyewe. Swali lilikuwa wazi, mkuu wa shule alinipa neno kwa neno, na mtoto alijaribu kunisomea mara mbili nikamkemea. Mimi, ninayekata daftari za watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, sikusoma swali. Niliona neno "hafanani" nikatimua mbio. Mganga hajigangi, sawa. Lakini mganga gani humlisha mgonjwa sumu halafu akamwambia asibadilishe kitu?

Niliinuka nikauendea mlango. Hakukuwa na cha kushika. Nikaweka kiganja nikausukuma, haukusogea.

"Mwalimu," karani akasema nyuma yangu, na safari hii sauti yake haikuwa ya utani. "Ukigonga sasa watasema umekwenda kumsaidia. Hapo utakuwa umemfutia mwenyewe. Kaa."

Nikakaa. Taa ikazimika, ikawaka. Nilianza kuomba, na niliomba kitu ambacho sidhani kama kuna mlezi mwingine amewahi kukiomba: kwamba mtoto awe amenidharau. Awe amechukua kalamu akasema moyoni, mjomba wangu ni mjinga. Nilijaribu kukumbuka ni lini Chiriku amewahi kunikatalia jambo, hata dogo, hata la kutumwa dukani jua likiwa kali. Sikukumbuka hata mara moja.

"Mwalimu wake aingie," mtu akasema kutoka ndani.

Chumba kilikuwa na baridi. Nyuma ya meza alikaa mwenyekiti, mzee nadhifu mwenye sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale, na kulia kwake mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani kwa mnyororo. Chiriku alikuwa kwenye kiti kando ya ukuta, mikono mapajani. Nilimtafuta kwa macho. Aliniangalia kwa matumaini, jinsi mtoto anavyokuangalia akiwa ametekeleza alichotumwa, na hapo nikajua.

"Karibu, mwalimu," mwenyekiti akasema. "Tumeambiwa unamfundisha pembeni. Zisome zote mbili, tafadhali."

Ile ya mtihani nilikuwa sijawahi kuiona. Swali liliwataka watahiniwa waeleze kazi wanayoifahamu vizuri. Ilianza hivi: "Mteja wa mama yangu alileta suruali ipunguzwe kiuno." Baada ya muda anairudisha ipunguzwe tena, na tena. Mama anafumua mshono uleule, anakunja kitambaa ndani, anashona. Haulizi kitu. Anamwambia tu kwamba suruali hii ni nzuri, itadumu. Mtoto anashika pini, anaona mama akiandika vipimo kwa chaki mezani na kuvifuta haraka kabla mteja hajaviona. Kisha siku moja anakuja mke wa yule mtu, peke yake, suruali mkononi, anauliza kama inaweza kumtosha kijana wao. Mama anafumua mishono yote, na kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kinatoka kipya, hakijapauka. Ikaisha hapo. Yule mteja, marehemu sasa, alikuwa jirani yetu, na mimi nilikuwa nimemwona akipita na suruali ile mara nyingi bila kuona lolote.

Ya pili ilitaka aeleze chumba anachokifahamu vizuri. Sikufika mwisho. Ilikuwa na jogoo, umande, unyasi, na shukrani kwa walezi.

"Ipi ni yake?" mwenyekiti akauliza.

"Zote mbili."

Mama wa miwani alitikisa kichwa taratibu. "Mwalimu, na wewe ni mtu wa kazi hii. Ungepewa hizi bila majina ungesema ni mtu mmoja?"

Nisingesema. "Lakini hii ya suruali ni yake," nikajibu. "Mambo haya yametokea kweli. Huyo mteja namjua, alikuwa jirani yetu."

"Unamjua," mwenyekiti akarudia, akaandika kitu. "Kwa hiyo hata wewe ungeweza kuiandika."

"Sikuiandika! Ningeweza kuandika hivi ningekuwa nafundisha nyuma ya duka?"

Mwenyekiti aligusa ile karatasi ya pili kwa ncha ya kidole. "Na hii ya leo?"

Nilimtazama Chiriku. Matumaini yalikuwa yameanza kumtoka usoni. Alikuwa ameshaelewa, labda alielewa tangu jana. Nikaona hakuna njia iliyobaki isipokuwa ukweli.

"Hii ya leo nilimwelekeza mimi. Nilimwambia aandike kama wenzake. Niliogopa. Yeye alitaka kunionya, sikumpa nafasi."

"Kwa hiyo," mwenyekiti akasema kwa upole uleule, "yeye huandika unavyomwambia."

Maisha yangu yote nimekula kwa maneno, na pale halikuja hata moja. Aliandika tena, mstari mfupi, akafunika kalamu.

"Naomba karatasi nyingine," Chiriku akasema.

Sote tulimgeukia. Alikuwa amesimama. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti kubwa namna ile, ingawa kwa mtu mwingine ingekuwa sauti ya kawaida.

"Niulizeni chochote. Niulizeni hata hiki chumba. Nitaandika sasa hivi, Mjomba atoke nje, na mlango mfunge."

Mkono wa mama wa miwani ulisogea kuelekea rundo la karatasi nyeupe. Niliuona. Nitaapa mbele ya yeyote kwamba niliuona. Kisha akamtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama saa ya ukutani.

"Mwanangu," akasema, "kila mtu anaandika mara moja. Tukikupa wewe itabidi tuwape wote waliopita hapa." Alizipanga zile insha mbili, akagonga kingo zake mezani zikae sawa, akazifunga pamoja kwa pini moja. "Mnaweza kwenda. Asanteni kwa kuja."

Tulirudi kwa miguu. Nilibeba begi lake bila kujua nimelichukua saa ngapi. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona kwamba msamaha wangu ungekuwa mzigo mwingine wa kumbebesha, nikanyamaza. Tulipokaribia nyumbani tukasikia cherehani ya dada yangu kutoka barabarani, ikienda mbio, ikipumzika kwenye kona, ikienda tena. Akili yangu ilianza kazi yake ya kawaida. Dada hawezi kuambiwa hivi hivi kwamba yanafutwa, atazimia. Aanze kuambiwa kwamba ofisi bado inachunguza. Tuseme tumeambiwa tusubiri, halafu baada ya siku chache...

"Sikiliza, mwanangu," nikasema. "Tukiingia, wewe kaa kimya kwanza, mimi nitaanza hivi..."

Chiriku alisimama. Alinyoosha mkono, akachukua begi lake begani mwangu, bila hasira, kama mtu anayechukua kilicho chake.

"Mama nitamwambia mwenyewe, Mjomba," akasema. "Na nakuomba, usinipangie la kusema."

Akaingia, akarudisha mlango. Nikabaki nje kwenye jua. Baada ya muda cherehani ikanyamaza.